Tarishi Asiyepokea Agizo

Nina ugomvi na vijana wanaotuandikia programu za kompyuta mashuleni. Ndugu msomaji asidhani huu ni ugomvi wa mzee anayechukia mambo mapya. Kompyuta naipenda. Nilianza kujifunza kuandika programu ndogondogo baada ya kustaafu, mjukuu wangu akiwa ndiye mwalimu, na mpaka leo, baada ya chai ya asubuhi, mimi huketi nayo hapa Bukoba kama wenzangu wanavyoketi kwenye bao. Ugomvi wangu ni wa jambo moja tu. Programu wanazotuletea vijana hawa hazipokei agizo. Jina la faili, kidato, muhula, mwaka, alama ya ufaulu, vyote vimekwisha kuandikwa ndani ya tumbo la programu, na mwalimu aliyepewa programu hiyo hana mlango wa kuvibadilisha.

Waliofanya kazi katika ofisi za serikali miaka ya sabini na themanini wanamkumbuka tarishi. Asubuhi mkuu wa ofisi humpa barua na kumwambia, "Hii mpelekee Afisa Elimu, usubiri majibu." Mchana humwambia, "Hii ipeleke posta." Miguu ni ile ile na baiskeli ni ile ile, ila agizo ni jipya kila mara. Sasa hebu fikiri umeletewa tarishi ambaye, umwambie nini, yeye huenda mahali pale pale na barua ile ile, kwa kuwa aliyemleta alimshonea njia ndani ya shati. Na ukitaka aende kwingine, sharti umwite mshonaji kutoka Mwanza. Tarishi huyo usingekaa naye hata siku mbili. Lakini programu ya namna hiyo tunaipokea kwa makofi, tena tunalipa.

Nieleze kwanza agizo ninalolisema ni lipi, kwa maana wapo wasomaji ambao hawajapata kuiona kompyuta ikiamriwa kwa maandishi. Katika kompyuta upo mstari ambao mtu huandika amri kwa herufi, kisha akabonyeza kitufe cha kuingiza, na kazi ikafanyika. Huu huitwa mstari wa amri. Mwalimu wa Kiswahili hana sababu ya kuuogopa, kwa kuwa ni sarufi tuliyoifundisha miaka yote. "Leta chai." Neno "leta" ni kitenzi, na "chai" ni yambwa. Ukisema "leta chai haraka", umeongeza kielezi. Mstari wa amri ni sentensi ya kuamuru. Jina la programu ni kitenzi chake. Maneno yanayofuata ni yambwa. Na yale yanayotanguliwa na vistari viwili, kama --kimya, ni vielezi, maana yanaeleza namna ya kutenda. Wataalamu wengine maneno haya huyaita hoja. Jina hilo si baya, ila mwanafunzi asidhani ni hoja za mdahalo. Hapa hapana mabishano, pana maagizo tu.

Kwa hiyo mwalimu wa taaluma mwenye programu iliyo sawa ataandika hivi:

python alama.py muhula2.csv "Kidato cha Pili" 2 30

Maana yake: chukua programu ya alama, isome faili ya muhula wa pili, ni ya Kidato cha Pili, muhula ni wa 2, na alama ya chini ya kufaulu ni 30. Mwaka ujao atabadilisha maneno hayo mwenyewe, kwa vidole vyake, bila kumwomba mtu.

Ndani ya programu kazi ya kuyapokea ni ndogo mno. Katika lugha ya Python maneno yote ya mstari huo, kuanzia jina la programu, huwekwa katika orodha iitwayo sys.argv. Orodha hiyo huhesabiwa kuanzia sifuri, na nafasi ya sifuri hushikwa na jina la programu yenyewe. Agizo la kwanza basi liko nafasi ya 1, la pili nafasi ya 2, na kuendelea. Anayetumia Bash, yaani lugha ya amri ya Linux, atayapata kwa $1, $2, na idadi yake kwa $#. Mwanafunzi wa kidato cha pili hujifunza hayo kwa kipindi kimoja cha dakika arobaini. Kwa hiyo kijana asiseme kwamba kazi ni nzito. Hajaifanya kwa sababu hakumfikiria mtu atakayebaki na programu hiyo yeye atakapokuwa ameondoka.

Na madhara yake si ya kufikirika. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari wilayani Muleba. Kijana mmoja aliwaandikia walimu programu ya kujumlisha alama na kuchapa taarifa za wazazi. Muhula wa kwanza ilikwenda vizuri, na kila mtu akamsifu. Mwezi wa Novemba mwalimu wa taaluma aliweka faili mpya mahali alipoelekezwa, akaiendesha programu, taarifa zikatoka, zikapigwa mhuri na kupelekwa kwa wazazi. Kumbe ndani ya programu paliandikwa "muhula1.csv", na faili ile ya zamani bado ilikuwemo. Programu iliisoma tena bila kunung'unika. Wanafunzi ni wale wale, majina ni yale yale, nani angegundua? Alama zote zilikuwa za Juni, na juu yake pameandikwa kwa mkono "Muhula wa Pili".

Katika kidato kile alikuwamo binti ambaye muhula wa kwanza aliugua sana, akafanya mitihani akiwa ametoka hospitali. Muhula wa pili alikazana mpaka akawa katika kumi bora. Baba yake, mkulima wa kahawa, alipokea taarifa ikimwambia kwamba mtoto wake hakupanda hata hatua moja. Akasema kwa alama hizi heri abaki nyumbani ashike jembe. Shule zilipofunguliwa Januari, binti hakuonekana, na ilikuwa wiki ya tatu ndipo mwalimu wa darasa alipomfuata nyumbani na kosa likafichuka. Mwandishi wa programu alipopigiwa simu alikuwa Mwanza. Alitaka nauli na posho. Alipofika, alibadilisha tarakimu moja, 1 ikawa 2, akafunga kompyuta, akaondoka. Katika kikao cha bodi niliuliza, "Na muhula ujao?" Nikajibiwa kwamba ataitwa tena. Tangu siku hiyo sijanyamaza, wala sitanyamaza.

Watetezi wao huniambia, "Mwalimu, mambo haya hayabadilikibadiliki, ukiyaandika mara moja yametosha." Hayabadiliki? Mkoa wetu huu uliitwa Ziwa Magharibi, na baada ya vita, mwaka 1979, ukaitwa Kagera. Chato ilikuwa yetu mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, ikaenda huko. Misenyi imemegwa kutoka Bukoba Vijijini, na Kyerwa imemegwa kutoka Karagwe. Tazama na mitihani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa wastani wa alama, yaani GPA, na yale ya mwaka 2015 yakarudi kwenye madaraja ya I mpaka IV. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na elimu ya msingi imepangwa iwe ya miaka sita badala ya saba. Mtu aliyeishi miaka sabini katika nchi hii hawezi kuambiwa kwamba kitu hakibadiliki. Kinachobadilika kikaandikwe nje, mkononi mwa mtumiaji. Ndani ya programu ibaki kazi yenyewe: kusoma, kujumlisha, kupanga, kuchapa.

Lakini kupokea agizo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulikagua, na hapa ndipo hata vijana hodari wanapoanguka. Tulipokuwa watoto, mzazi akikutuma sokoni alikwambia, "Hebu rudia nilichokutuma." Ukikosea, hukutoka mlangoni. Programu nayo irudie, na isipoelewa isitoke mlangoni.

Kosa la kwanza ni maneno kupungua. Mwalimu amesahau kuandika muhula. Programu isiyokagua inakwenda kutafuta agizo mahali ambapo hapana kitu, inakufa, na kumwachia mwalimu maneno haya: "IndexError: list index out of range". Mwalimu huyo anadhani ameharibu mashine ya shule. Dawa yake ni mistari mitatu:

import sys
if len(sys.argv) != 5:
    sys.exit("Andika hivi: python alama.py FAILI KIDATO MUHULA UFAULU")

Tano, kwa kuwa jina la programu nalo linahesabiwa. Maneno yakipungua au yakizidi, programu inasimama na kumweleza mtu, kwa Kiswahili, anachotakiwa kuandika. Tena inaacha alama ya kushindwa, yaani namba isiyo sifuri, ili programu nyingine iliyoiita ijue kwamba kazi haikufanyika. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na programu inayouliza ina akili kuliko inayokisia.

Kosa la pili ni nafasi kati ya maneno. Kompyuta hutenganisha maagizo kwa nafasi. Ukiandika Bukoba Vijijini bila alama za mtajo, imepokea maagizo mawili: Bukoba, na Vijijini. Kila agizo linalofuata limesogea hatua moja, na pale penye kidato sasa pamekaa Vijijini. Ndiyo maana hapo juu "Kidato cha Pili" nimekifunga kwa alama za mtajo. Na mwandishi wa Bash naye afunge vivyo hivyo ndani ya programu yake, aandike "$1" wala si $1 peke yake, la sivyo jina alilopewa likiwa zima litapasuka mikononi mwake. Majina yetu mengi, ya watu na ya mahali, ni ya maneno mawili au matatu. Programu iliyojaribiwa kwa jina la Muleba peke yake haijajaribiwa.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa halipigi kelele. Kila agizo huingia likiwa maandishi, hata kama kwa macho yetu ni namba. Ile 30 niliyoandika ni herufi mbili, 3 na 0, mpaka programu iambiwe iigeuze kuwa namba. Alama zinazosomwa kutoka katika faili nazo aghalabu huingia zikiwa maandishi. Sasa ukilinganisha maandishi na maandishi, kompyuta haiulizi kipi ni kikubwa, inapanga kama kamusi inavyopanga, kwa herufi ya kwanza. Katika kamusi hiyo "9" huja baada ya "30", kwa kuwa 9 iko mbele ya 3. Na "100" huja kabla ya "30", kwa kuwa 1 iko nyuma ya 3. Umeona kilichotokea? Mtoto aliyepata 9 amefaulu, na aliyepata 100 amefeli, na programu imemaliza kazi kwa utulivu kama mtu aliyetenda haki. Dawa ni neno moja, int, la kugeuza maandishi kuwa namba kamili. Hapo hapo mtu akiandika "thelathini" badala ya 30, kazi itagoma, na kugoma huko ni heri.

Kuna na ugonjwa wa nne, ambao vijana huuona ni ukarimu. Mtu asiposema muhula, programu inajichukulia muhula wa kwanza. Kwa jambo dogo, kama upana wa ukurasa wa kuchapa, sina neno. Lakini kwa muhula, kidato, mwaka na alama ya ufaulu, kukisia ni dhuluma. Mambo ambayo yakikosewa yanamgusa mtoto, mtu ayaseme kwa kinywa chake.

Nisije nikaambiwa kwamba haya ni mambo ya shule maskini za vijijini. Tarehe 28 Februari 2017 mfanyakazi wa kampuni ya Amazon ya Marekani, aliyekuwa na idhini ya kufanya kazi ile, aliandika amri ya kuondoa kompyuta chache katika huduma yao ya kuhifadhi mafaili iitwayo S3. Agizo mojawapo alilikosea. Zikaondoka kompyuta nyingi kuliko zilizokusudiwa, na tovuti nyingi zilizotegemea huduma hiyo zikalala kwa takriban saa nne. Kampuni yenyewe ilieleza hadharani. Tazama walichofanya baadaye. Waliirekebisha programu iondoe polepole zaidi, na ikatae agizo lolote litakaloshusha idadi ya kompyuta chini ya kiwango kinachohitajika. Walielewa kwamba mkono wa mtu utakosea tu siku moja, na kwamba kazi ya programu ni kulikataa agizo baya kabla halijatendeka. Kama wenye mali kiasi hicho wamelihitaji somo hili, sisi tunaopiga mhuri taarifa za watoto tunajiona nani?

Wapo wanaopinga kwa njia nyingine. Husema kwamba mstari wa amri ni mambo ya kizamani, na walimu wanataka vitufe vya kubofya. Ni kweli ni wa zamani. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969, na lugha ya C, iliyozaliwa humo miaka michache baadaye, huipa programu idadi ya maagizo na orodha yake tangu inapoanza kazi. Barua nayo ni ya zamani, na bado tunaandikiana. Vitufe sivikatai, lakini kitufe kilichofungiwa muhula wa kwanza ni tarishi yule yule, amevalishwa shati jipya. Isitoshe, amri ya maandishi ina fadhila ambayo kitufe hakina. Mwalimu aliye Ngara akikwama, naweza kumsomea amri kwa simu, neno kwa neno, akaiandika katika daftari lake na kuitumia mwaka ujao. Jaribu kumweleza mtu kwa simu, "bofya pale juu, karibu na kile kialama cha buluu," uone mtafika wapi.

Na wapo wanaosema kwamba walimu wazee hawawezi. Hao ndio wanaoniudhi zaidi. Mwalimu aliyefundisha darasa la watoto tisini kwa ubao na chaki moja iliyokatwa vipande vitatu, ashindwe kuandika maneno matano yaliyopangwa kwa zamu? Kinachomshinda ni programu isiyomjibu, tena ikimjibu inamjibu kwa Kiingereza cha fundi. Mwandikie maelezo kwa Kiswahili uone. Python ina chombo chake chenyewe kiitwacho argparse, kilichoingizwa katika maktaba yake ya kawaida tangu toleo la 2.7 mwaka 2010. Ukikieleza maagizo yako, chenyewe kinakagua idadi, kinageuza namba, kinakataa yasiyo katika orodha, na mtu akiandika -h kinamwonyesha maelezo uliyoyaandika wewe, kwa lugha uliyoichagua wewe. Chombo kipo bure. Kinachokosekana ni heshima.

Nasema heshima kwa makusudi. Sisi wa rika langu tulilelewa katika ualimu na Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Wengine siku hizi huicheka, wakikumbuka majembe na mashamba ya shule tu. Lakini kiini chake kilikuwa kwamba elimu isimfanye mtu kuwa tegemezi wa mwenye elimu kuliko yeye. Programu iliyomeza kila kitu inafanya hivyo hasa. Inamgeuza mkuu wa shule kuwa mwombaji, anayempigia simu kijana kila muhula amsaidie kubadilisha tarakimu moja, na inamgeuza kijana mwenye akili kuwa mlinda mlango anayetoza kiingilio. Sidai kwamba vijana wote hufanya hivyo kwa tamaa. Wengi hufanya kwa uvivu. Ila mkulima aliyepewa taarifa ya uongo hakupata nafuu yoyote kwa kuwa ulikuwa uvivu tu.

Basi, wakuu wa shule wa Bukoba na Muleba, na popote kitabu hiki kitakapofika, nawaombeni mfanye hivi. Kijana akiwaletea programu, kabla ya kumlipa, mwambieni aiendeshe mbele yenu mara nne. Mara ya kwanza bila agizo lolote: iseme kwa Kiswahili inataka nini. Mara ya pili kwa faili isiyokuwapo: ikatae na kuitaja kwa jina. Mara ya tatu kwa jina lenye maneno mawili, na alama ya ufaulu iliyoandikwa kwa herufi: ya kwanza iipokee, ya pili iikatae. Mara ya nne kwa maagizo sahihi, na juu ya kila ukurasa inaochapa irudie ilichotumwa: faili gani, kidato gani, muhula gani, ufaulu kiasi gani. Laiti taarifa zile za Muleba zingekuwa na mstari huo mmoja, mwalimu wa darasa angesoma "muhula1.csv" kabla ya kupiga mhuri. Na jambo moja zaidi: maneno ya siri, yaani nywila, yasiandikwe katika mstari wa amri kamwe, kwa maana amri hubaki katika kumbukumbu za mashine, na mwingine anaweza kuzisoma.

Programu ikishindwa hata jaribio moja katika hayo manne, mrudishieni kijana akaimalize. Msimfukuze wala msimtukane, kwani ni mtoto wetu na tulimfundisha wenyewe. Mwambieni tu kwamba kazi bado haijakwisha, na kwamba fedha zake zipo, zinamsubiri.